Mtaro Ulioishia Kona ya Darasa

Nakumbuka mtaro mmoja, mwanangu. Wengine ukiwauliza habari za ujana wao watakumbuka harusi, au gauni fulani, au mwaka ambao mvua ilikataa kabisa. Mimi nakumbuka mtaro wa shamba la shule, huku upande wa Tawa. Ulianzia chini kwa ua, ukapanda vizuri, umenyooka, halafu ukakatika kwa kona ya darasa la nane, kama mtu aliyeitwa katikati ya kazi.

Nimeona nikuandikie hii kabla hujaondoka, wewe na wenzako wa chuo mnaoenda Kitui kuuliza watu habari za korti na jela. Yale maswali yenu uliyonitumia kwa simu nimeyasoma yote. Niliyasoma nikipika, nikaunguza vitunguu. Ni maswali mazuri. Lakini nilisoma mpaka mwisho nikitafuta swali moja na sikuliona, ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu badala ya kukusaidia kufunga nguo.

Unajua mimi sikusoma vile umesoma. Niliacha shule darasa la saba, nikarudi nikiwa mtu mzima, kwa masomo ya ngumbaru, jioni, kwenye kanisa letu. Mchana nilikuwa nauza ndengu sokoni. Siku hizo ndio alikuja mwalimu wa chuo kikuu kutoka Nairobi, tulimwita Daktari Nafula. Hakuwa daktari wa sindano, lakini kabla watu hawajaelezwa hivyo, akina mama wa soko walikuwa wameshamwonyesha magoti yanayowauma. Alikuwa anafanya risachi na alitaka mtu wa kumtafsiria Kikamba. Mwalimu wetu wa ngumbaru akamwambia, "Chukua huyu Kamene. Huyu anauliza mpaka mimi nachoka. Nipumzishe kidogo." Hivyo ndivyo nilivyopata ile kazi, kwa kuwa msumbufu.

Risachi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akifanya kosa dogo, korti ilikuwa imeanza kumwacha asiende jela. Anaambiwa afanye kazi ya jamii karibu na kwao: achimbe mitaro, apande miti, afagie dispensari, jioni anarudi kwake. Chuo kilitaka kujua kama hiyo njia inafaa, ili wale wanaoandika sera huko Nairobi wajue kama wataiongeza au wataiacha. Na kulikuwa na kitu kinawashangaza. Upande wetu watu walikuwa wanaanza kazi vizuri, halafu wanaiacha tu. Ukiiacha unarudishwa kwa hakimu, na hakimu akikuona tena hana maneno mengi, ni jela.

Sasa niambie, kwa nini mtu aache kuchimba mtaro hatua chache kutoka kwake, aende kulala jela? Hilo swali lilinishika. Nilikuwa nalifikiria hata nikipima ndengu, mpaka wateja wakaanza kunipenda kwa sababu nilikuwa nawazidishia.

Mmoja wa hao watu alikuwa Mutua. Kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Alikuwa ameshikwa mtoni akipakia mchanga kwa lori bila kibali. Hakimu alimhurumia, akampeleka kufanya kazi kwa ile shule ya msingi karibu na kwake. Akaenda. Halafu akaacha. Wakati tulimfikia ilikuwa Jumatatu, na Alhamisi alikuwa anatakiwa kortini, na kila mtu alijua hiyo Alhamisi hatarudi nyumbani.

Tulikaa kwa kivuli cha jiko lao. Mke wake, Mwikali, alikuwa amesimama karibu, mtoto mgongoni. Daktari alimsomea Mutua ile ahadi tuliyokuwa tunamsomea kila mtu: kwamba jina lako na neno lako hatutapelekea askari, wala chifu, wala korti. Halafu akauliza, mimi nikitafsiri.

"Kwa nini uliacha kazi ya shule?"

"Nilichoka."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Ni mbali?"

"Ni hapo tu." Akaonyesha kwa midomo. Paa la shule lilikuwa linaonekana.

"Kuna mtu alikuwa anakusumbua huko?"

Mwikali akainama akaanza kufunga upya leso ya mtoto, na haikuwa imefunguka.

"Andikeni nilichoka," Mutua akasema. "Nitaenda jela. Si nitatoka?"

"Wewe utapewa chakula huko," Mwikali akamjibu, bado anafunga leso. "Mimi na huyu tutapewa na nani?"

Tukaandika amechoka.

Njiani Daktari aliniuliza kama huyo mtu ni mvivu. Nikamwambia aangalie nyuma. Kuni zilikuwa zimepangwa kama vitabu. Shamba lake, kadogo hivyo, lilikuwa na mitaro kila mahali. Boma la mtu mvivu ninalijua, mwanangu, nimeuzia watu wengi ndengu kwa mkopo. Hilo halikuwa.

Tukaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni pale, ameletwa juzi kutoka mbali, mtu mzuri lakini amezidiwa. "Huyo?" akasema. "Alichimba kidogo akapotea. Mimi nina watoto wa kufundisha, siwezi pia kuwa askari jela." Daktari akaketi naye kwa ofisi kumuuliza maswali yake. Mimi, kwa vile Kiswahili chao hakikuhitaji mtu wa katikati, nikaomba ruhusa nikaone hiyo kazi kidogo.

Nilianzia chini kwa ua. Ulikuwa mtaro wa fanya juu, ule wa kutupa udongo upande wa juu ili maji yasiondoke na shamba. Aliuchimba vizuri. Ukingo ulikuwa umeshindiliwa, juu yake amepanda nyasi, na nyasi zilikuwa zimeshika. Nikatembea ndani ya huo mtaro nikipanda, nyuma ya darasa la nane, nikisikia watoto wakiimba hesabu, nikijiuliza: mtu anayepanda nyasi kwa kazi ya adhabu, huyo amechoka wapi?

Nikafika kwa kona ya darasa. Mtaro ukaisha. Haukuisha pole pole kama kazi ya mtu aliyechoka, udongo ukipungua pungua. Uliisha kama umekatwa na kisu. Mbele ulikuwa umebaki mstari wa kamba na vijiti alivyopima mwenyewe, unaendelea mpaka juu.

Nikapiga hatua moja nikatoka nje ya hiyo kona.

Mbele yangu kulikuwa na jikoni ya shule, mlango wazi, moshi unatoka. Mama mmoja wa makamo alikuwa anakoroga uji. Alipoona mtu ametokea kwa kona, kabla hata hajaangalia ni nani, aligeuka haraka akanipa mgongo, akavuta leso akafunika kichwa.

Nikarudi nyuma. Nikatoka tena. Alikuwa bado amenipa mgongo.

"Mama," nikamwita. "Ni mimi, msichana tu."

Akachungulia. Akashusha leso. "Karibu basi," akasema. "Nilidhani ni mtu."

Nilimwambia nimetoka chuoni na ninauliza habari za kazi ya jamii, nikamsomea ile ahadi yetu ya siri. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniwekea ungo wa maharagwe kwa magoti. "Ukiuliza, chambua," akasema. Nikachambua.

"Mama, unamjua huyu aliyechimba mtaro?"

"Namjua."

"Ni nani kwako?"

Akakoroga kwanza. "Mwikali ni mtoto wangu wa kuzaa."

Mwanangu, wewe umekulia mjini na baba yako husalimia nyanya yako, mama yangu, kwa mkono, kwa hivyo nikueleze. Kwetu Ukambani, mwanaume na mama ya mke wake hawaonani ovyo. Hawali pamoja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Tunaita nthoni. Sio chuki. Ni heshima, mpaka inakuwa kama ua kati ya watu wawili. Kwa kanisa letu pasta alikuwa akituambia hayo ni mambo ya zamani, na sisi tuliitikia amina, na tukitoka nje wanaume walikuwa wanapitia nyuma ya kanisa kwa sababu mama wakwe walikuwa wamesimama mbele.

Yule mama aliongea bila kuniangalia. "Siku za kwanza alikuwa huko chini. Nikasema asante Mungu, hanioni, simwoni. Lakini mtaro ukipanda hauna pengine pa kupita, ni hapa kwa mlango wangu. Siku hiyo nikasikia jembe limefika kwa kona. Halafu nikasikia limenyamaza. Nikajua amesimama. Na mimi nikasimama, nimeingia ndani ya moshi, macho yanatoka maji, nimeshindwa kutoka, uji ukaungua. Watoto walikunywa uji wa kuungua, na hawakusema kitu, maskini. Kesho yake hakuja."

"Na ninyi mnaandika ametoroka," akaendelea. "Hajatoroka. Amenipisha."

Nikaacha kuchambua.

"Lakini mama, kwa nini hamkusema? Anaenda kufungwa Alhamisi."

"Tuseme kwa nani? Yeye asimame mbele ya korti, watu wamejaa, aseme siwezi hiyo kazi kwa sababu ya mama ya mke wangu? Hiyo si ni kunianika mimi? Afadhali jela. Na mimi nianze kumwongelea mkwe wangu kwa mwalimu mkuu? Nimefikiria niache kupika. Lakini mimi ni mjane, na hapa ndipo ninakula." Halafu akanigeukia, na hapo ndipo alinipa yangu. "Na wewe ni msichana wa hapa. Unaongea Kikamba kuliko mimi. Ukishika hiyo karatasi ya wageni, na wewe unakuwa mgeni?"

Nilimaliza maharagwe.

Nilimkuta Daktari Nafula nje nikamketisha kwa ukingo wa mtaro, nikamwambia. Nilidhani itabidi nimweleze nthoni kutoka mwanzo, kwa sababu yeye ni mtu wa Bungoma. Alianza kucheka kabla sijafika nusu, akacheka mpaka akapangusa macho.

"Kamene, kwetu ni hivyo hivyo," akasema. "Mama mkwe akitokea, mwanaume anaingia kwa mahindi. Kaka yangu aliruka ua wa watu kwa ajili hiyo akaumia mguu, alitembea na fimbo mpaka Krismasi." Halafu kicheko kikamwisha. "Na nilipokaa ofisini kuandika haya maswali, sikumkumbuka kaka yangu hata kidogo."

Hilo neno lake sijawahi kulisahau. Mimi ni wa hapa, yeye ni wa huko, na hilo jambo tulikuwa nalo wote nyumbani kwetu. Lakini tulipovaa viatu vya kazi tuliliacha mlangoni.

Mimi nilitaka twende moja kwa moja kwa afisa wa probesheni, yule anayepangia watu mahali pa kufanya kazi. Daktari akakataa.

"Tuliwaahidi," akasema.

"Lakini tunamsaidia."

"Neno ni la yule mama. Likitoka kwetu bila yeye kujua, kesho hakuna mtu wa hapa atamwambia mtu wa chuo hata jina la mbuzi wake. Rudi umuulize anataka nini."

Nilimkasirikia kidogo, nikuambie ukweli. Jumatatu ilikuwa inaisha na Alhamisi haikuwa inangoja mtu. Nikaenda nyumbani, nikapiga magoti, nikamwuliza Mungu kwa nini anampa mtu jibu halafu anamfunga mdomo. Hakunijibu hiyo jioni. Lakini asubuhi nilijua la kufanya, na halikuwa gumu. Nilirudi jikoni nikamwuliza yule mama: unataka tuseme sisi, au useme wewe, au tunyamaze?

Alikoroga sufuria mpaka nikadhani amenisahau. "Nitaenda mwenyewe," akasema. "Kwa huyo afisa tu. Siingii korti akiwa humo. Na wewe utanipeleka, unajua njia ya kuongea na mtu wa meza."

Jumatano akavaa nguo yake ya kanisa tukaenda. Afisa wa probesheni alikuwa Bwana Kioko, mtu mpole mwenye miwani. Mama aliongea maneno machache, macho kwa ukuta. Bwana Kioko akavua miwani.

"Aki mama, mbona hakuniambia? Si mimi ni Mkamba mwenzake?"

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza anajua kazi gani. Nikamuuliza shule gani iko karibu."

"Karibu na nani?" mama akasema.

Bwana Kioko akashika hiyo miwani yake akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Mwisho akasema, "Mama, nenda upumzike. Hili nimelibeba mimi, na jina lako halitafika huko ndani."

Alhamisi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma kortini na Daktari. Hakimu alikuwa mama mkubwa kiumri, si wa kwetu. Mutua alisimama pale mbele, shati limefungwa mpaka shingoni, na alikuwa amekuja na sweta yake mkononi, mtu aliyejitayarishia baridi ya jela. Mwikali hakuwa amekaa. Alisimama kwa mlango.

Bwana Kioko akasimama. "Mheshimiwa, mahali tulipompeleka huyu hapakufaa. Ni kosa letu, hatukuuliza. Ni mambo ya heshima ya ukwe. Naomba apelekwe kwa lile bwawa la kuzuia mchanga na maji wanalojenga mtoni."

Hakimu akamwangalia Mutua. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini hukusema wewe mwenyewe?"

Mutua akaangalia viatu vyake. Hakimu akangoja. Halafu yule mama hakimu, na sijui kwao ni wapi wala kwao wanafanya nini, akaacha kungoja.

"Aende kwa bwawa," akasema. "Ulichukua mchanga mtoni, sasa uuzuie usiondoke. Na ukiacha tena, usiniletee mambo ya ukwe. Mtoni hakuna mama mkwe."

Watu wakacheka. Mutua hakucheka, lakini ile sweta aliikunja akaitia kwapani.

Tulipotoka nje nilimwona mama wa uji. Nilidhani amebaki kwake. Alikuwa ameketi kwa jiwe karibu na geti, ameupa mgongo mlango wa korti, uso kwa barabara, leso juu ya kichwa. Sijui aliketi hapo tangu saa ngapi. Hakukuwa na njia nyingine ya kutoka. Mutua akamwona. Akapunguza mwendo, akainamisha kichwa, akapita nyuma yake pole pole, na alipofika usawa wake akakohoa kidogo. Mama akarekebisha leso. Hakugeuka.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, mwanangu. Daktari alikuwa amesimama kando yangu na kalamu, na hakuandika kitu.

Baadaye kulikuwa na mkutano mjini Wote, kwa hoteli, na watu wa sera kutoka Nairobi. Daktari alisoma ripoti yake, akaomba kabla mtu hajapelekwa mahali aulizwe swali moja: hapo utakutana na nani? Mwanaume mmoja wa tai akasema hizi ni mila, zitaisha zenyewe. Daktari akamwambia, "Zikiisha tutalitoa. Leo bado." Kama liliingia kwa sheria za Nairobi au la, sijui, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba Bwana Kioko alikuwa anauliza watu hilo swali mpaka akastaafu, na haikuwa nthoni peke yake iliyotokea. Wengine walikuwa wanatumwa kufagia mbele ya watu wanaowaogopa, na walikuwa wanasema wamechoka.

Na ule mtaro. Shule zilipofungwa Desemba, jikoni hakuna moto, Mutua alikuwa amemaliza adhabu yake yote kwa bwawa. Hakuna aliyemtuma. Alirudi na jembe lake akaanzia pale kwa kona ya darasa, akapita mbele ya ule mlango uliofungwa, akapanda mpaka ua wa juu, akaweka na nyasi. Januari mama alifungua jikoni yake akaukuta. Nilipopita kumsalimia aliniambia tu, "Maji hayaingii tena kwa kuni zangu." Lakini aliniongezea uji.

Basi nisikilize. Mtu akikuambia amechoka, andika, ni neno lake, lakini usifunge karatasi hapo. Nenda uone kazi yake iliishia wapi, usimame mahali aliposimama, halafu upige hatua moja mbele uone alichokiona. Kabla hujaenda kuuliza ya wengine, kumbuka nyumbani kwenu kulivyo. Usimwache kaka yako mlangoni, kama Daktari alivyomwacha wake. Ukiahidi mtu siri, itunze hata ikikuuma, hata ukiona wewe unajua zaidi, na ukitaka kulitumia neno lake, rudi umwombe. Huko mjini Mwingi, upande wa Kitui, utakutana na Waislamu pia, nao wana heshima zao ambazo mimi sizijui. Usidhani unazijua kwa sababu umezisoma. Uliza, na ukipewa maharagwe ya kuchambua, chambua. Na lile swali moja, tafadhali, liongeze hata kama ni kwa kalamu, chini kabisa.

Mungu anajua mambo ya watu bila kuwauliza. Sisi hatukupewa hiyo, tulipewa mdomo na miguu. Akutangulie huko Kitui, akufungulie milango ya watu na mioyo yao, akuepushe na haraka. Akupe watu wa kukujibu, na akupe kunyamaza mpaka wamalize. Na ukifika kwa kona, mahali ambapo mtaro wa mtu umekatika, asikuache uandike na kurudi. Akupe hiyo hatua moja. Ngai akuathime, Mungu akubariki, mwanangu.